Mbiu ya Mgambo Ikilia, Tujue la Kufanya

Milima ya Uluguru ni chemchemi ya mito mingi. Mto Ruvu unaanzia huko, na maji yake yanatumiwa na watu wa Dar es Salaam. Mto Ngerengere na Mto Mgeta pia inatoka huko. Upande wa mashariki, huko Matombo na Kinole, mvua ni nyingi na ndizi zinastawi. Upande wa Mgeta watu wanalima kabichi, viazi na njegere kwenye miteremko mikali.

Mvua hii ndiyo inayotupa chakula. Lakini mvua hiyo hiyo ikizidi inaleta maafa. Udongo unaporomoka. Mito inafurika. Nyumba zinaanguka, mashamba yanafukiwa na watu wanakufa.

Hatuwezi kuizuia mvua isinyeshe. Lakini tunaweza kupeana habari mapema. Wazee walisema: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hiyo ni kweli. Lakini mbiu kulia peke yake hakutoshi. Mambo manne yanatakiwa:

1. Onyo limfikie kila mtu.
2. Onyo lieleweke.
3. Onyo liaminiwe.
4. Kila mtu awe anajua la kufanya akilisikia.

Likikosekana moja tu, onyo halitaokoa watu. Tutazame mambo yaliyotokea katika mkoa wetu wa Morogoro na mahali pengine. Halafu tuone kijiji kinaweza kufanya nini.

SIKU MILIMA ILIPOPOROMOKA MGETA

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta. Kwa muda wa saa tatu hivi ilinyesha mvua ya milimita 100.

Milimita 100 ni kiasi gani? Chukua kopo lenye pande zilizonyooka. Liweke uwanjani wakati wa mvua kama hiyo. Maji yatapanda ndani ya kopo mpaka sentimita 10. Huo ni karibu urefu wa viberiti viwili vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine. Unaweza kuona ni maji kidogo. Lakini hesabu shamba la eka moja. Kwenye eka moja hayo ni maji ya zaidi ya madebe 20,000! Sasa fikiri madebe 20,000 yakimwagwa kwenye shamba lililo mlimani kwa saa tatu.

Udongo ulilowa ukawa mzito. Ukashindwa kujishikilia kwenye mteremko. Ukateleza pamoja na mawe na mimea. Siku ile maporomoko zaidi ya 1,000 yalitokea katika eneo la Mgeta.

Baadaye wataalamu wawili, Paul Temple na Anders Rapp, walichunguza maporomoko hayo. Waliandika matokeo yao mwaka 1972. Waliona jambo la maana sana. Karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi. Yaliyoanzia ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mizizi ya miti inaingia chini na kuushika udongo, kama kamba zinavyoshika mzigo. Miti ikiondolewa, kamba hizo zinaoza na mzigo unalegea.

Basi habari hii imejulikana kwa miaka mingi. Lakini habari iliyo kwenye kitabu haimwokoi mama aliyelala na watoto wake chini ya mteremko. Itamwokoa ikimfikia nyumbani kwake, kwa lugha anayoielewa, kabla udongo haujateleza.

AMRI BILA MAZUNGUMZO HAIFIKI MBALI

Kuna jambo jingine lililotokea katika milima hii, nalo linatufundisha namna ya kuzungumza juu ya hatari.

Wakati wa ukoloni, Waingereza waliona kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na maji. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Kuanzia mwaka 1950 hivi wakaleta mpango wa kuhifadhi ardhi. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Asiyechimba aliadhibiwa.

Wakulima walikuwa na maneno yao. Kazi ya kuchimba ilikuwa nzito mno. Tena mahali pengine matuta yalifukia udongo mzuri wa juu na kuutoa nje udongo mbaya wa chini. Mazao yakapungua. Watu waliogopa pia juu ya ardhi yao ya ukoo. Lakini sauti yao haikusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango huo ukaachwa.

Tazama jinsi ilivyokuwa. Hatari ilikuwepo. Wenye habari walikuwepo. Lakini walitoa amri, hawakuzungumza. Hawakumwuliza mkulima anajua nini. Watu wakaichukia amri, na hatari ikabaki pale pale.

Hata leo jambo hili linaweza kutokea. Kiongozi akifika kijijini na kusema, "Hameni hapa, ni hatari," halafu akaondoka, watu watabaki na maswali. Tuhamie wapi? Mashamba yetu atayatunza nani? Kwa muda gani? Maswali hayo yasipojibiwa, watu hawatahama. Si kwamba ni wakaidi. Hawajaelezwa.

MAJI YANAWEZA KUJA BILA MVUA KWENU

Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuna Mto Mkondoa. Kandokando ya mto huo kulijengwa tuta kubwa la kuzuia mafuriko. Watu walijenga na kulima karibu nalo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto ulijaa sana, ukabomoa tuta. Maji yaliingia Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makao na wakaishi kwenye mahema. Reli ya kati pia iliharibiwa.

Mto Mkondoa unapokea maji kutoka mbali, kutoka upande wa Dodoma na milima ya Ukaguru. Kwa hiyo mtu wa Kilosa anaweza kuona anga safi, kumbe maji yako njiani yanakuja. Ndivyo ilivyo hata kwa mito ya Uluguru. Mvua inanyesha juu mlimani, na anayefurikiwa yuko chini bondeni.

Tunajifunza nini? Watu wa juu na watu wa chini ni ndugu wa mto mmoja. Wa juu akiona mto umejaa, ampigie simu wa chini mara moja. Simu moja inakwenda haraka kuliko maji.

MAAFA YALIYOPITA KARIBUNI

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang katika mkoa wa Manyara. Yaliingia katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi walikuwa bado nyumbani mwao.

Mvua za msimu ule ziliendelea mpaka mwaka 2024. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 katika nchi yetu. Watu wengine 236 walikuwa wameumia.

Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeonya juu ya mvua za El Niño. El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Ikitokea, mara nyingi mvua za vuli katika nchi zetu huwa kubwa. Basi onyo lilitolewa mapema. Lakini kati ya onyo la redioni na mlango wa nyumba ya mwanakijiji kuna safari ndefu. Kazi yetu ni kuifupisha safari hiyo.

MANENO MATATU YA KUJUA

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatumia maneno matatu na rangi tatu inapotoa onyo. Kila mtu ayajue.

ANGALIZO, rangi ya njano. Maana yake: hali mbaya inaweza kutokea. Sikiliza redio na uwe macho.

TAHADHARI, rangi ya chungwa. Maana yake: jiandae. Weka vitu vyako tayari. Wapange watoto na wazee.

TAHADHARI KUBWA, rangi nyekundu. Maana yake: chukua hatua sasa. Usingoje kuona maji.

Wengine wanasema, "Mwaka jana walituonya, na mvua haikunyesha. Wanatudanganya." Tulifikirie jambo hili vizuri. Jirani akikuambia kwamba ameona nyoka akiingia kwenye kichaka cha njiani, utapita na fimbo. Ukipita na nyoka asitokee, je, jirani amekudanganya? Hapana. Nyoka angeweza kutokea. Onyo la mvua ni hivyo hivyo. Mtaalamu hasemi kwamba mvua lazima itaharibu. Anasema kwamba inaweza kuharibu, kwa hiyo shika fimbo yako.

Lakini viongozi nao wana wajibu. Mvua ikipita bila madhara, waitishe mkutano na kueleza kwa nini onyo lilitolewa. Wasikae kimya. Kiongozi anayeeleza ataaminiwa mara nyingine.

MLIMA NAO UNATOA DALILI

Onyo la redio linahusu eneo kubwa. Haliwezi kusema mteremko gani utaporomoka. Hapo ndipo macho ya wanakijiji yanapohitajika. Dalili za kuangalia ni hizi:

Nyufa mpya zinaonekana ardhini, hasa juu ya mteremko.

Miti, nguzo au uzio vinaanza kuinama.

Milango au madirisha yanakwama ghafla, au kuta zinapata nyufa.

Chemchemi mpya inatokea mahali palipokuwa pakavu.

Maji ya mto yanageuka kuwa matope ghafla.

Maji ya mto yanapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Dalili hii ni mbaya sana. Huenda udongo umeziba mto huko juu. Maji yakibomoa mahali hapo yatakuja kwa nguvu kubwa.

Mngurumo unasikika mlimani.

Ukiona dalili hizi, usingoje amri. Ondoka, ukiwaamsha majirani. Usikimbie kufuata bonde, kwa sababu udongo na maji vitafuata bonde hilo hilo. Kimbia kwa upande, upande mahali palipoinuka. Usivuke mto uliojaa, hata kama unauona ni mdogo. Maji yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima hata yakiwa magotini tu.

Wazee wa Uluguru wanajua mengi. Wanajua mahali palipoporomoka zamani. Wanajua mkondo wa zamani wa mto. Kijana anayetafuta kiwanja cha kujenga awaulize kwanza.

TANGAZO ZURI NA TANGAZO BAYA

Sasa tusome matangazo mawili.

Tangazo la kwanza linasema: "Wananchi wote mnatangaziwa kuchukua tahadhari stahiki kufuatia uwezekano wa kutokea kwa mvua zitakazozidi wastani."

Tangazo la pili linasema: "Ndugu zetu, kesho usiku mvua kubwa inaweza kunyesha. Habari hii imetoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Waliojenga karibu na mto na chini ya mteremko wasilale huko. Walale shuleni. Nendeni kabla ya jua kuzama. Chukueni blanketi, dawa na chakula cha watoto. Mkisikia kengele ya shule ikipigwa mfululizo, ondokeni mara moja."

Lipi litakuokoa? La kwanza lina maneno makubwa, lakini halisemi ufanye nini. La pili linajibu maswali matano: Hatari gani? Lini? Nani anahusika? Afanye nini? Habari imetoka wapi? Tangazo lolote la hatari lijibu maswali hayo matano.

Tena lisitishe watu bure. Mtu aliyetishwa bila kuonyeshwa njia anaweza kukata tamaa na kukaa tu. Mwambie hatari, halafu mwonyeshe njia.

TUSIMSAHAU MTU

Katika kila kijiji kuna watu wasiofikiwa na habari kwa urahisi. Wengine hawana simu. Wengine wanayo, lakini chaji imekwisha au mlimani hakuna mtandao. Kuna wazee wasiosikia vizuri. Kuna viziwi na wasioona. Kuna wagonjwa na kina mama waliojifungua karibuni. Kuna wageni waliokodi mashamba na hawaijui milima. Kila mmoja wa hao awe na jirani aliyetajwa kwa jina, ambaye atakwenda kumwita na kumsaidia kutoka.

Kina mama wasiachwe nje ya mikutano. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Tena mama ndiye anayejua usiku ule nani amelala wapi. Mkutano wa hatari ukiwa wa wanaume peke yao, nusu ya habari imepotea.

WENZETU WA BANGLADESH

Nchi ya Bangladesh iko kwenye pwani ya Asia. Mwezi Novemba 1970, mwaka ule ule wa maporomoko ya Mgeta, kimbunga kikubwa kiliipiga pwani hiyo. Kiliua watu zaidi ya 300,000.

Baada ya maafa hayo, mpango wa kujiandaa na vimbunga ulianzishwa mwaka 1972. Watu wa kujitolea walifundishwa vijijini. Leo ni zaidi ya 70,000, wanaume kwa wanawake. Onyo likitoka, wanapandisha bendera. Wanapita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Wanawasaidia wazee kufika kwenye majengo imara yaliyojengwa kwa kazi hiyo.

Vimbunga bado vinakuja Bangladesh. Lakini mwaka 2020, kimbunga kikubwa kilichoitwa Amphan kilipofika, waliokufa katika nchi hiyo walikuwa makumi tu. Nchi ile si tajiri, na bahari yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba onyo linafika mlangoni, linaletwa na mtu anayefahamika, na watu wanajua pa kwenda.

KIJIJI KIANZIE WAPI?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa ziwepo mpaka kijijini. Ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji: Kamati yetu iko wapi? Nani wamo? Halafu fanyeni kazi hizi kabla ya vuli na kabla ya masika:

Kwanza, choreni ramani ya kijiji. Hata kwa kijiti ardhini inatosha kuanza. Onyesheni mto, miteremko, nyumba zilizo hatarini na mahali pa usalama.

Pili, chagueni mahali pa kukimbilia. Pawe mbali na mto na mbali na mteremko mkali. Pitieni njia ya kwenda huko mchana, ili mwijue hata usiku.

Tatu, kubalianeni juu ya mlio mmoja wa hatari. Unaweza kuwa kengele ya shule, ngoma, filimbi au kipaza sauti cha msikiti au kanisa. Mlio huo usitumiwe kwa jambo jingine.

Nne, wekeni kopo la kupimia mvua kwa mtu mwaminifu. Kubalianeni na bwana shamba juu ya alama. Maji yakifika kwenye alama, kamati iamshwe, hata kama ni usiku wa manane.

Tano, badilishaneni namba za simu na vijiji vya juu na vya chini ya mto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Sita, fanyeni mazoezi mara moja kwa mwaka. Watoto wa shule washiriki. Mtoto akijua, nyumba nzima inajua.

Saba, tunzeni msitu na pandeni miti na majani kwenye miteremko mikali. Mashamba yafuate kontua. Kazi hii inachukua miaka, lakini ndiyo inayopunguza maporomoko.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Jirani yako labda bado. Msomee makala hii jioni. Ukifanya hivyo utakuwa umeipiga mbiu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni nyumba zipi katika kijiji chetu ziko karibu na mto au chini ya mteremko?
2. Mvua kubwa ikija usiku wa leo, tutakimbilia wapi?
3. Nani atakwenda kuwaita wazee na wagonjwa?
4. Kwa nini watu wa Uluguru walikataa amri ya matuta mwaka 1955? Viongozi wa leo wajifunze nini?
5. Andikeni tangazo la hatari la kijiji chenu. Je, linajibu maswali matano?